Pate, Siyu na Amu: Miji Mitatu ya Bahari Moja

Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili hawana haja ya kuelezwa Al-Inkishafi ni utungo gani. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliutunga Pate mwanzoni mwa karne ya 19, na tangu William Hichens alipouchapisha mwaka 1939, kisha James de Vere Allen mwaka 1977, umesomwa mbali sana na kisiwa ulikozaliwa. Sisi ambao tumewahi kukaa nao usiku, kamusi ya Kiarabu mkono huu na kalamu mkono ule, twajua jinsi beti zake za magofu zinavyokataa kuingia katika lugha nyingine: kumbi zilizokuwa na taa sasa zina popo, na zidaka zilizopangwa vyombo vya Uchina zimegeuka viota vya ndege.

Ila utungo huo una jambo moja ambalo msomaji wa historia hana budi kulitazama kwa makini. Unatupa mawaidha; hautupi sababu. Moyo wa mshairi unaonywa usighurike na ulimwengu, kwa kuwa ulimwengu ndivyo ulivyo, humpa mtu kisha ukampokonya. Kwa mwenye kutafuta mawaidha jibu hilo latosha, na ni jibu tukufu. Kwa mwenye kuuliza kwa nini Pate ilianguka halitoshi hata kidogo, maana ulimwengu huo huo ulikuwa pia Amu, safari fupi ya jahazi kutoka Pate, na Amu haikuanguka. Katika miaka ile ile ambayo kuta za Pate zilikuwa zikipasuka, Amu ilikuwa ikijenga.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama. Pate na Siyu ziko katika kisiwa kimoja, Amu iko katika kisiwa jirani. Miji hii mitatu ilivuviwa na kaskazi na kusi zile zile, ikasali kuelekea kibla kimoja, ikasema lugha moja yenye lahaja za kutaniana tu. Mawe ya kujengea yalikatwa katika matumbawe ya bahari moja, na boriti zilitoka katika mikoko ile ile. Lau maumbile ndiyo yanayoamua mji upi ustawi na upi ufe, ingepasa yote mitatu ipande pamoja na ishuke pamoja. Haikuwa hivyo. Kila mmoja ulikuwa na siasa yake na mpango wake wa watu kukaa pamoja, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mafundi wakae wapi, wafanyabiashara watie nanga wapi, na washairi waandikie nani.

Tuanze na Pate. Wareno waliofika pwani hii katika karne ya 16 walizitaja nguo za hariri za Pate kuwa bidhaa iliyotafutwa na miji mingine. Baadaye, hasa tangu mwishoni mwa karne ya 17, mji huo chini ya ukoo wa Nabahani ulikuwa na nyumba za mawe za ghorofa zenye kuta zilizochorwa kwa chokaa, na siwa ya pembe za ndovu ambayo leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Masharifu kutoka Hadhramaut walikuwa wamekwishahamia hapo na kuleta elimu yao. Pembe za ndovu zilitoka bara, nguo na vyombo vikaja kutoka Bara Hindi na Arabuni, na katikati ya mkondo huo palikuwa na jumba la mfalme lililotaka kusifiwa. Mwaka 1728 Bwana Mwengo wa Athumani akaandika Utendi wa Tambuka, yaani Chuo cha Herekali, kwa ajili ya mfalme wa Pate, nao ni miongoni mwa tungo ndefu za kale kabisa za Kiswahili zilizotufikia zikiwa na tarehe.

Tarehe hiyo inastahili kuangaliwa mara mbili. Mwaka 1698 Waomani walikuwa wameiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa baada ya mazingiwa yaliyoanza mwaka 1696, na watu wengi wa pwani walifurahi kuwaona Wareno wakiondoka. Miaka thelathini baadaye, mwaka ule ule wa Tambuka, Wareno walirudi Mombasa, na waliosaidia kuwarudisha ni watu wa Pate, kwa kuwa Waomani nao walikuwa wamekwisha kuwa mzigo. Walikaa hadi 1729, wakafukuzwa tena. Kwa hiyo mji uliokuwa ukisikiliza utendi wa vita vya Waislamu na Warumi ndio uliokuwa ukifanya mapatano na Wareno. Sisemi hivi kwa kuwacheka. Nasema ili tuone desturi iliyokuwa inaota mizizi: kila Pate ilipokosana na jirani au ilipokosana yenyewe kwa yenyewe, ilitafuta mkono wa nje.

Na kukosana yenyewe kwa yenyewe kulizidi. Kufikia miaka ya 1760 aliyekalia kiti alikuwa mwanamke, Mwana Khadija, na habari za Pate zilizohadithiwa na Bwana Kitini na kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 20 zinatupa picha ya mji uliogawanyika ukapigana mtaa kwa mtaa. (Wako waliosema chanzo ni mwanamke kutawala. Wadai waliomzunguka walikuwa wanaume, na waliendelea kupigana vizuri sana baada yake.) Ukoo wa Nabahani haukuwa na kanuni madhubuti ya nani amrithi nani. Mfalme anapokufa, ndugu, mpwa na binamu, kila mmoja ana hoja yake, na kila mmoja ana kundi lake mjini. Ilipofika robo ya kwanza ya karne ya 19, mdai mmoja alikuwa akiungwa mkono na Wamazrui wa Mombasa na mwingine na Maskati.

Sasa, vita vya kurithi kiti vinaua vipi ufundi? Wengi wetu hutaja vita halafu tukataja magofu, kana kwamba mizinga ndiyo iliyozibomoa nyumba zote. Aghalabu si hivyo. Nyumba ya mawe ya pwani ni mali iliyofungwa kwa vizazi. Jiwe la tumbawe lazima likatwe, lichongwe, liachwe likauke. Chokaa lazima ichomwe kwa kuni nyingi kisha ikae hadi ipoe ukali. Na fundi wa kuchora zidaka hujifunza miaka mingi mkononi mwa baba yake au mjomba wake. Anayejenga nyumba ya namna hiyo anajengea wajukuu. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwa mjini au atakuwa mkimbizi bara hajengi nyumba ya wajukuu. Hutengeneza paa la makuti na kungoja. Fundi naye akikosa nyumba mbili tatu za kujenga hupeleka mwanawe kuvua. Kizazi kimoja tu kikikatika hivyo, mkono uliojua kuchora chokaa umepotea, na hakuna kitabu cha kuurudisha.

Mfanyabiashara ana njia fupi zaidi. Nahodha atokaye Surat au Maskati ana msimu mmoja wa pepo. Akifika bandari ambako leo ushuru unatozwa na mtu huyu na kesho na mpinzani wake, mwaka wa pili atapita. Ni kweli kwamba bandari ya Pate ina maji machache, na vyombo huingia kwa kungoja maji kujaa. Waandishi kadhaa wameridhika na sababu hiyo. Lakini maji hayo yalikuwa machache pia zama Pate ilipokuwa ikivaa hariri.

Amu ilikuwa na ugomvi wake, tena mkubwa. Mji uligawanyika pande mbili, Zena na Suudi, Mkomani na Langoni, na mtu aliyezaliwa upande mmoja alijua upande wake kabla ya kujua kusoma. Tofauti ilikuwa hii: Amu haikuwa na mfalme wake. Mambo ya mji yalikuwa mikononi mwa wazee waliokutana katika yumbe, na pande hizo mbili zilipokezana uongozi kwa zamu. Ulikuwa ni uhasama uliopewa ratiba. Aliyekosa leo alijua zamu yake itakuja, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuchoma mji ili aupate. Na ushindani wa pande hizo uliingia katika mashairi, katika ngoma na katika mashindano ya kila namna, jambo ambalo mpenzi wa ushairi hawezi kulisikitikia.

Mnamo 1812 au 1813 Pate na Wamazrui wa Mombasa waliungana kuivamia Amu. Jeshi lilishuka Shela. Wenyeji husimulia jinsi maji yalivyokupwa, vyombo vikabaki mchangani, na waliotaka kukimbia wasiwe na pa kukimbilia. Amu ikashinda. Kiongozi wake, Bwana Zahidi Mngumi, anakumbukwa kwa upanga na pia kwa mashairi, kama alivyokuwa upande wa Mombasa Muyaka bin Haji, aliyewatetea Wamazrui kwa tungo hadi mwisho wa nguvu zao.

Kilichofuata ushindi huo ndicho kilichobadili historia ya pwani nzima. Wazee wa Amu walijua kwamba Mombasa ingerudi, wakapeleka ujumbe kwa Seyyid Said bin Sultan, Maskati, kuomba ulinzi. Seyyid Said akakubali. Ngome ya Amu ikamalizika kujengwa mnamo 1821, liwali akawekwa, ushuru ukaanza kupelekwa ng'ambo. Kutoka hapo Maskati ilipata pa kukanyagia, na mwaka 1837 Mombasa yenyewe ikaanguka, kisha Unguja ikawa makao ya dola.

Je, wazee wale walifanya vyema? Swali hili nimelisikia likibishaniwa barazani kwa ukali, kama kwamba Seyyid Said angali njiani. Waliomba mkono wa nje, kosa lile lile la Pate. Hata hivyo kuna tofauti kati ya mdai anayeleta jeshi la kigeni ili amwondoe binamu yake, na mji ulioafikiana kwanza ndani, ukashinda vita, kisha ukauza sehemu ya uhuru wake ili upate usalama wa bandari. Amu iliuza, na bei iliijua. Yumbe ilibaki jina tu, na neno la mwisho likawa la liwali. Ilichonunua ni karibu karne nzima ambamo mtu aliweza kujenga nyumba ya wajukuu. Nyumba nyingi ambazo kwa ajili yake UNESCO iliuandika Mji wa Kale wa Lamu katika urithi wa dunia mwaka 2001 zilijengwa au kutengenezwa upya katika kipindi hicho au muda mfupi kabla yake.

Lakini tusiisimulie amani hiyo kama qasida. Mashamba yaliyoilisha Amu, na nafaka na ufuta uliosafirishwa kutoka bandarini mwake, yalikuwa bara mkabala na kisiwa, na waliolima walikuwa watumwa. Utulivu wa mji ulisimama juu ya mabega ya watu ambao hawakuhesabiwa katika Zena wala Suudi. Elimu nayo iligawanywa kwa kipimo hicho hicho: mwana wa muungwana alifundishwa, mwana wa mtumwa aliachiwa kiasi cha kumwezesha kusali. Mji wa namna hii unaweza kuzalisha milango iliyonakishiwa na tendi nzuri, na ulizalisha. Kuna akili ngapi zilizokufa mashambani bila ya kushika kalamu, hakuna habari yoyote iliyoziandika.

Siyu ni habari nyingine kabisa, na mimi naipenda kuliko miji yote miwili. Haikuwa na jumba la kifalme kama Pate wala bandari ya kujivunia. Ilikuwa na mafundi na wanavyuoni. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, ni miongoni mwa kazi bora za mkono zilizobaki Afrika Mashariki. Ngozi zilishonwa viatu na mikanda, milango ilichongwa kwa mtindo ambao mjuzi huutambua mara moja, na majina ya walimu wake yalisikika katika visiwa vyote.

Mji huu wa waandishi ndio uliokataa kumtii Seyyid Said kwa muda mrefu kuliko wote. Katika miaka ya 1840, chini ya Bwana Mataka, Siyu ililipiga jeshi lake, na mkuu wa jeshi hilo akauawa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, mwaka ule ule alipofariki Seyyid Said. Mwaka 1858 mjane wake, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, aliandika utendi wa kumuusia binti yake. Umesomwa na kubishaniwa kama kitabu cha adabu za mke kwa mume, na watafsiri wa siku hizi huona haya baadhi ya beti zake. Mimi naomba usomwe pia kwa tarehe yake na mahali pake. Mwandishi ni mke wa kiongozi wa mji ulio vitani, kaburi la mumewe bado bichi, watoto wake wamezungukwa na maadui na ndugu wasioaminika. Maneno yake juu ya kuishi kwa ulimi mzuri na kila aina ya mtu yana uzito mwingine katika hali hiyo. Mnamo 1863 Siyu ikamnyenyekea Seyyid Majid. Mwana Kupona alifia Amu, na ufundi mwingi wa Siyu nao ulikwenda huko huko, mkono kwa mkono, fundi kwa fundi.

Hapa neno dogo la mfasiri. Siku hizi kila karatasi ya mradi huzungumza juu ya ubunifu. Neno ni zuri, lakini mzizi wake, kubuni, kwetu una sura mbili: kuunda kisichokuwapo, na kuzua kisichokuwa kweli. Wazee waliogopa sura ya pili, na katika mambo ya dini waliita uzushi. Ndiyo maana kisa cha Habib Saleh kina maana kubwa kwa mada hii kuliko kisa cha mashine yoyote. Sharifu huyu, aliyetoka Ngazija akafariki Amu mwaka 1935, aliwafundisha watumwa, walioachwa huru, na wageni wasiokuwa na ukoo mjini. Maulidi yake yalisomwa kwa matari. Waungwana wengi walikasirika, baadhi kwa hoja za dini, na wengi, nadhani, kwa sababu waliona ni nani wamekaa mkeka wa mbele. Msikiti wa Riyadha ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, nje kidogo ya mji wa waungwana, miaka michache kabla ya utumwa kufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lile lililoitwa uzushi ndilo lililouokoa mji usipoteze jina la elimu wakati mali yake ilipopotea. Wanafunzi walikuja kutoka pwani nzima, na Maulidi ya Amu yanajaza majahazi hadi leo.

Mali ilipotea kweli. Watumwa walipoondoka mashambani, wenye mashamba hawakuwa na mpango mwingine, maana mpango wao wote ulikuwa ule mmoja. Na serikali ya Kiingereza ilijenga reli kutoka Mombasa tangu 1896, ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Bidhaa za bara zikafuata chuma. Hakuna aliyeipiga Amu mzinga. Iliachwa tu kando ya ramani mpya.

Baada ya uhuru, vita vya shifta vya miaka ya 1960 viliwafukuza Wabajuni wengi kutoka vijiji vyao vya bara, wakakimbilia visiwani, na wengi hawakurudi kwenye mashamba yao. Katika miaka ya 1970 serikali ikaanzisha makazi ya Mpeketoni kwa wananchi waliokosa ardhi kwingineko. Wale waliopewa ardhi hawakuwa na hatia ya kupewa. Wale waliokimbia hawakuwa na hatia ya kukimbia. Suala la hati za ardhi liliachwa wazi katikati yao kwa miongo minne. Juni 2014 wauaji wenye silaha waliingia Mpeketoni na kuua watu zaidi ya 60. Al-Shabaab walijitangaza kuwa ndio waliofanya, na jeraha la ardhi lilikuwapo tayari la kutiwa chumvi. Baadaye uvuvi wa usiku ulizuiwa kwa sababu za usalama, na mvuvi asiyemjua mtu yeyote Mpeketoni akalipa kwa samaki wa usiku ambao hakuwavua.

Katika hali hiyo ndipo bandari mpya ilipokuja. Machi 2012 marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia walikutana Amu kuuzindua mradi wa LAPSSET, wa bandari, reli, barabara na bomba la mafuta. Wavuvi hawakuulizwa lolote la maana. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao za mazingira, za kupata habari na za utamaduni zimevunjwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, baraza la mazingira likaifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa karibu na hapo, kwa sababu miongoni mwa nyingine kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliobeba kesi hizo ni wavuvi, walimu na wanawake wa mitaani. Yumbe haikuwapo tena, wakakutana barazani na misikitini, Mkomani na Langoni pamoja.

Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa Mei 2021, lenye kina cha kupokea meli kubwa kuliko chombo chochote alichowahi kukiona Bwana Zahidi. Upande wa pili wa mkondo, Pate, tumbaku hulimwa katikati ya kuta zile zile za Al-Inkishafi, na mkulima hukwepa zidaka zilizoanguka anapopiga jembe. Siyu wangali wako wanaoshona ngozi. Ni wachache, na watoto wao wanauliza kama bandarini kuna kazi.